Mdomo wa Hita

Gari letu lina kioo cha mbele kilichogawanywa katikati kwa chuma chembamba: kulia kwa dereva, kushoto kwa abiria. Kwa miaka mingi upande wangu ulipanguswa na mke wangu. Kila tulipotoka Igawa alfajiri kioo kilikuwa safi. Tukishapita Makambako baridi ilianza kutushika miguu, na tukikaribia Nyororo pumzi zetu wenyewe zilitanda kwenye kioo, kikawa cheupe kama kimepakwa maziwa. Usukani wa gari hilo unacheza, hautaki mkono mmoja. Kwa hiyo yeye aliinama mbele yangu na kitambaa kilichokatwa kwenye fulana yangu ya zamani, akapangusa, akaketi, akainama tena, mpaka Mafinga, na kutoka Mafinga mpaka kijijini kwao nyuma ya msitu wa misonobari.

Gari lenyewe ni la porini, la zamani. Nililinunua kwenye mradi wa umwagiliaji uliofungwa huko Rujewa, likiwa limeegeshwa kwenye magugu. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kukoboa mpunga. Sikusomea ufundi shuleni, nilijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa na kusoma vitabu vilivyopatikana, na siku hizi kwa kutazama video kwenye simu. Injini ya gari hilo niliielewa upesi. Chuma ukikitazama vizuri kinakuambia kilivyotengenezwa. Kilichonishinda ni kipande cha plastiki.

Chini ya kila nusu ya kioo palikuwa na kipande bapa, kipana mbele na chembamba nyuma, mfano wa mdomo wa bata. Kinapokea hewa ya moto kutoka kwenye bomba la hita na kuitandaza juu ya kioo ili ukungu uyeyuke. Sisi tuliuita mdomo. Jua la Usangu lilikuwa limeukausha mdomo wa kulia mpaka ukawa kama ganda la yai, na siku moja kwenye barabara ya mabonde ukapukutika. Wa kushoto ulipasuka tu. Niliufunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli, ukaendelea kupumua kidogo.

Kama fundi wa chuma, nilikata bati nikakunja mdomo mwingine. Ulifanya kazi kwa namna yake: hewa ilipita, ila bati liliimba kila tulipopita kwenye mashimo, na ukingo wake niliuacha bila kuukunja kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Asubuhi moja juu ya Nyororo, mke wangu aliinama kupangusa, gari likaruka, mkono wake ukateleza kwenye ule ukingo. Alitoa sauti moja fupi. Mimi nikatazama mkono wake badala ya barabara. Nilipoinua macho, taa za lori la magogo zilikuwa mbele yetu, kubwa, na honi yake ikaingia ndani ya gari kama kitu kigumu. Nikavuta usukani kushoto. Tulisimama kwenye majani, tairi moja ndani ya mtaro.

Alijifunga kidole kwa kile kitambaa. Kisha akashuka, akachukua kapu lake.

"Unaenda wapi?"

"Napanda basi."

"Mama, nimesimama. Tumepona."

"Umesimama sasa hivi. Mimi nitapanda gari hili siku utakayoiona njia mwenyewe, bila mkono wangu."

Hakupaza sauti.

Baba yake alikuwa ameanza kuishiwa nguvu mwaka huo. Mzee wa kanisa, mtu aliyezoea kutembea kwa miguu kwenda kwenye mitaa ya usharika wake, sasa alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa. Mke wangu alikwenda kumwona kila baada ya Jumapili moja. Tangu siku ile alipanda basi mpaka Mafinga, na kutoka hapo bodaboda ndani ya manyunyu, mchele wa Usangu ukiwa umefungwa nyuma kwenye nailoni, kwa sababu kwa wakwe zangu hakuendwi mikono mitupu. Alifika amelowa. Baba mkwe alimuuliza mara ya kwanza, "Gari lenu limekufa?" Mara ya pili hakuuliza. Mke wangu aliniletea habari hiyo ya kutouliza, akaiweka mezani pamoja na chakula.

Basi nikaanza kuutafuta mdomo.

Mbeya, kwenye maduka ya vipuri ya Mwanjelwa, waliitazama picha kwenye simu yangu wakaniuliza kama gari bado linatembea kweli. Mmoja alipiga simu Dar es Salaam, Dar es Salaam wakacheka. Kwenye mtandao niliona watu wa nchi za mbali wanaouza vitu vya magari hayo, na mdomo mmoja uliotumika, nao una ufa, ulikuwa na bei ya kununulia mbuzi kadhaa kabla hujalipia kuusafirisha. Kiwanda kilichokuwa kikitoa plastiki hizo kiliacha zamani. Chuma cha gari hilo bado kinachongwa hapa na pale duniani, lakini plastiki yake imekwisha na hakuna aliyejisumbua kuaga.

Nilikwenda mpaka Iringa. Nilikuwa nimesikia kwamba nyuma ya gereji moja ya parokia kuna gari kama letu. Lilikuwepo, halina injini, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mdomo wa kulia haukuwepo. Wa kushoto ulikuwepo, mzima kabisa, umekingwa na jua kwa gunia lililotupwa juu yake. Mzee anayetunza gereji alinisukumia bisibisi.

"Fungua uchukue. Kuku hawahitaji kuona njia."

Niliupima kwa kadibodi niliyoikata kufuata nafasi ya upande wangu wa kulia. Mdomo wa kushoto si wa kulia uliogeuzwa: shingo yake inapinda upande mwingine, ukiugeuza matundu ya skrubu yanatazama juu. Nikamshukuru, nikamwambia ninaohitaji ni wa kulia. Nikarudi Igawa mikono mitupu, ila nimebeba vipimo.

Mbeya tena. Kuna mtu anayetengeneza ndoo na mabeseni. Alinipokea vizuri, akanipa kiti.

"Tunaweza," alisema. "Unataka ngapi?"

"Mmoja."

Aliacha kalamu. "Mmoja elfu?"

"Mmoja."

Akanieleza kwa upole, kama anayempa mtu habari za mgonjwa. Plastiki ya mdomo mmoja, alisema, ni thamani ya andazi. Lakini plastiki haijui kusimama yenyewe, inataka kalibu, yaani umbo la chuma linalomwagiwa ndani. Kalibu hiyo kuichonga ni gharama ya nyumba ndogo ya matofali iliyoezekwa. Ukitengeneza midomo elfu kumi, kila mmoja unabeba kipande kidogo cha nyumba hiyo. Ukitengeneza mmoja, mdomo huo mmoja unaibeba nyumba yote.

"Watafute wenzako," alisema. "Wenye magari hayo."

Niliwatafuta. Kati ya Mbeya na Iringa niliwapata wanne. Mmoja alihitaji kishikio cha dirisha, mwingine kifuniko cha taa, wa tatu kisanduku cha betri, wa nne alitaka kuniuzia gari. Kila mtu na nyumba yake ya kujenga.

Mjini Mbeya yupo pia dada mmoja mwenye mashine inayochora kitu kwa uzi wa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Alinichorea mdomo mzuri mno, wenye mistari kama ya kidole, akanionya kwamba uzi wake haupendi joto. Nilidhani anazungumzia moto. Niliegesha gari Rujewa kwenye jua la mchana nikiwa ndani ya mashine ya kukoboa, niliporudi mdomo ulikuwa umelala juu ya dashibodi kama ulimi wa mbwa.

Nilikuwa silali vizuri wakati huo. Siwezi kusema ni mdomo tu. Kila Jumapili niliyomsindikiza mke wangu kituoni nilisimama pale mpaka basi lipotee, kisha nikaenda gereji kabla ya chai, nikashika vitu bila kuvifanyia lolote.

Nikaanza upya, kwa utaratibu. Kipande cha mdomo wa zamani nilikitia kwenye maji, kikazama. Plastiki ya ndoo huelea. Nikakichoma, kikatoa moshi mweusi wenye masizi. Ndoo huwaka kama mshumaa. Nikakidondoshea dawa ya kufutia rangi ya kucha, kikaanza kunata. Dawa hiyo niliinunua kwenye saluni ya Igawa, na akina mama waliokuwa wakisukwa walitaka kuziona kucha zangu. Majibu yote matatu yalielekea kwenye plastiki moja, ngumu, ya aina inayotumika kwenye maganda ya televisheni na kofia za bodaboda. Na karatasi zake nene huuzwa Mwanjelwa kwa watu wanaotengeneza mabango. Karatasi hiyo ukiipasha inalegea kama chapati mbichi, ukiilaza juu ya umbo la mti na kuibana kwa fremu inashika sura, ikipoa inabaki hivyo. Unatengeneza nusu ya juu na nusu ya chini, unaziunganisha kwa uji wa plastiki hiyohiyo iliyoyeyushwa kwenye dawa ya kucha. Hapo huhitaji nyumba ya chuma. Unahitaji kipande cha mti na mtu anayejua kukichonga.

Mtu huyo nilikuwa naye. Mdogo wake mke wangu ni seremala Mafinga, karibu na viwanda vya mbao. Nilimpelekea kadibodi, na kipande cha mninga kwa ajili ya kuchonga. Alikuwa anapiga randa mlango.

"Kamwene, shemeji. Umeniletea nini, bata?"

"Mdomo wake."

"Na huu?" Alikipindua kile kipande cha mninga, akakinusa. "Umetoka Mbeya na mti? Unakuja Mafinga na mti wako chini ya kwapa? Shemeji, hata mimi nikija kwako Igawa nije na mchele?"

"Mninga haupindi."

"Na sisi hapa tunapinda? Kanisa lote la hapo juu ni msonobari wetu. Weka mti wako kwenye gari, utakusaidia kuzuia tairi."

Vijana wa karakana ya jirani walikuwa wanasikiliza, nikaweka mti wangu kwenye gari. Sijui mtu wa Mafinga ambaye angekubali kuchonga kitu kwa mbao ya kuletwa, wala mkwe ambaye angelazimisha. Alichukua msonobari kwenye rundo lililoshushwa na lori wiki hiyo, mweupe, unanukia. Nilimwambia aongeze upana kidogo kwa sababu plastiki husinyaa ikipoa. Kipimo nilikuwa nimekitafuta kwenye kitabu. Akachonga vizuri sana. Kalibu zote mbili zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, na nilipoziweka juu ya kadibodi zililingana nayo ukingo kwa ukingo, pamoja na ile nyongeza yangu.

Igawa sikuwa na jiko la kupashia karatasi. Mama mmoja jirani anaoka mikate kwenye tanuri la matofali, akaniruhusu kulitumia anapomaliza. Aliniruhusu mara mbili.

"Baba," aliniambia mara ya pili, ameshika mkate kwa ncha za vidole, "mteja wangu amerudisha. Anasema unanuka redio iliyoungua. Nenda na midomo yako."

Nikakata pipa, nikajitengenezea tanuri. Mdomo wa kwanza haukukaa kwenye nafasi yake. Niliuweka juu ya kioo cha meza, ukacheza kama meza ya kilabuni: kona moja hewani. Shingo nayo ilikuwa finyu, bomba la hita likaivaa kwa kulazimishwa. Nikadhani nimepasha mno. Nikapunguza moto. Nikapoza polepole, nikapoza kwa maji, nikabana usiku kucha kwa vyuma. Karatasi zikaisha, nikaenda Mwanjelwa kuleta nyingine. Kila mdomo ulitoka na kosa lilelile, kona ileile. Kosa la moto au la mkono lingekuwa linahama. Hili halikuhama, na mimi nilichelewa kuliuliza kwa nini.

Siku nyingine nilikuwa nasafisha meza, nikaiweka kalibu yenyewe juu ya kioo ili nifute vumbi. Ikacheza.

Nikaleta kadibodi. Kalibu ilikuwa imekuwa nyembamba kuliko kadibodi, upana wa ukucha, na imejinyonga. Msonobari ule ulikuwa na maji ya Mafinga ndani yake. Kule juu, kwenye ukungu, maji hayo yangekaa sana. Huku chini yalitoka, na yalipotoka mti ulijivuta. Mimi nilihesabu jinsi plastiki inavyosinyaa, nikaichukulia kalibu yenyewe kuwa kitu kisichobadilika.

Nikampigia simu.

"Shemeji, kalibu imepinda."

"Hapa iliondoka imenyooka, mashahidi wapo. Huko kwenu hata watu wanapinda kwa joto."

"Mti ulikuwa mbichi."

"Mti wa Mafinga ni mti wa Mafinga. Ungeuacha kwao ungetulia."

"Hita nayo niiache kwenu?"

Alicheka. Nilisikia randa ikiwekwa chini.

"Dada alikuja juzi," alisema. "Alikuwa anatetemeka mpaka meno. Mzee akamshika mikono akaanza kuipuliza, mzee yule asiyeweza kushika kikombe. Nakuja mwenyewe. Nitachongea huko huko kwenye joto lenu."

Alishuka kwenye basi Igawa amevaa koti zito la baridi, begi la patasi mgongoni, akalivua kabla hajafika kwangu. Kazi ya milango ya mteja wake aliiacha imesimama; mteja huyo alimpigia simu kila siku aliyokuwa kwetu, naye alimjibu kila mara kwamba yuko njiani. Alilalamikia mbu, maji ya uvuguvugu, na usingizi ulioloa jasho. Dada yake alimpikia wali na samaki, akala akasema angalau hapo tuna hoja.

Mti tuliupata Rujewa. Ghala la zamani la mpunga lilikuwa linabomolewa, na kwenye rundo la kenchi kulikuwa na boriti za msonobari, zimekuwa rangi ya chai kwa miaka ya kukaa chini ya mabati. Shemeji alipasua moja kwa shoka akatazama ndani.

"Huyu ni ndugu yetu," alisema. "Alihamia huku zamani, ameshazoea."

Alichonga chini ya banda la mashine, pumba zikimwangukia mabegani. Alipomaliza tuliziacha kalibu juu ya mabati kwa siku kadhaa, tukizipima asubuhi na mchana. Hazikusogea. Mdomo uliotoka juu yake ulitulia kwenye kioo cha meza bila sauti. Niliunganisha nusu mbili, nikatoboa matundu, nikaufunga kwenye gari. Bomba likavaa shingo kwa kusukumwa na kidole gumba.

Shemeji aliutazama sana. "Huu mdomo," alisema, "nikikulipisha siku zangu, na mlango wa yule bwana, na mbu, ungenunua bata wa kweli mia na midomo yao."

"Na bado ni mmoja."

"Na bado ni mmoja," alikubali, akaenda kuoga.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwenda kwa mzee. Mke wangu alijua gari limetengenezwa. Hakusema atapanda, hakusema hatapanda. Asubuhi nilikuta kapu lake kwenye kiti cha nyuma, karibu na begi la patasi. Yeye aliketi mbele, kushoto, na kitambaa amekishika. Ndugu yake alijikunja nyuma juu ya mchele.

Tukapita Makambako. Kwenye Nyororo ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara, na kioo kikaanza kuwa cheupe kuanzia pembeni. Nikafungua hita. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha chini, mbele yangu, likatokea tundu dogo la kioo safi, likapanda juu taratibu, likawa umbo la feni, likaenea mpaka kwenye chuma cha katikati. Niliona mstari wa barabara. Niliona lori la magogo likija, mbali, na taa zake, nikalipisha kwa mikono miwili.

Upande wa mke wangu ulikuwa mweupe. Mdomo uliofungwa kwa mpira ulikuwa unapumua chini, hautoshi. Alipangusa mbele yake mara moja, akatazama upande wangu, akatazama wake.

"Kumbe unaona," alisema.

"Naona."

"Ule wa Iringa, ulisema ni wa upande gani?"

Nyuma, shemeji alikohoa, kikohozi cha mtu anayecheka.

"Wa kushoto," nilisema.

"Ukasema hauhitajiki."

"Nilisema ninaohitaji ni wa kulia."

"Mm."

Alikikunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya dashibodi, pale panapopata joto. Akavuta khanga mabegani, akaegemeza kichwa kwenye mlango. Kabla hatujafika Mafinga alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mbele yake kioo kisichoonyesha kitu. Katika miaka yote ya kupandisha barabara ile sikuwahi kumwona amelala juu ya Nyororo.

Nilitamani kuendesha moja kwa moja mpaka Iringa, mpaka kwenye ile gereji, kama lile gunia bado lilikuwa juu ya dashibodi na kuku hawajaliangusha. Nilianza kupiga hesabu ya kalibu ya kushoto endapo mdomo ule siukuti: boriti tulibakiza, na shemeji alikuwa ndani ya gari. Lakini njia ya kwa mzee inachepuka Mafinga, na alikuwa anatungoja. Nikapunguza mwendo kwenye mashimo ili mke wangu asiamke.